Kitako cha Mama Kahindo na kisigino cha kiatu changu

Kabla hujampima mtu, angalia amebeba nini. Ningeweza kuishia hapo na kuwaacha mrudi kwenye simu zenu, vijana wangu, lakini sentensi hiyo ilinichukua miaka ishirini na kiatu kimoja, na sipendi kuitoa bila kuwasimulia nilivyoipata.

Nilifanya useremala mjini Goma tangu nina miaka ishirini na saba hadi jicho langu la kulia lilipoanza kuona misumari miwili palipo na mmoja. Fundi mwenye jicho la namna hiyo hupiga nyundo kwenye msumari usiokuwepo, na kidole kilichopo ndicho huumia. Nikaona heri nistaafu mimi kabla vidole havijaanza kustaafu kimoja kimoja.

Sikuzaliwa fundi. Nilitoka Kisangani na lisansi ya pedagojia, yaani digrii ya ualimu, suti moja, na viatu vyeusi vyenye visigino vya mpira mnene, vile vile nilivyovaa siku ya kutetea kazi yangu ya mwisho mbele ya maprofesa. Nilifundisha mwaka mmoja na kidogo. Serikali ya wakati ule ilikuwa imesahau kwamba walimu hula. Mjomba wangu akanishika mkono, akanipeleka mtaa wa Birere kwenye karakana ya Muzee Kambale, Mnande wa Butembo, mtu mfupi mwenye kalamu ya risasi nyuma ya sikio ambayo sijawahi kumwona akiichonga. Mjomba akanitambulisha kwa vyeo vyangu vyote. Muzee akasikiliza mpaka mwisho, akaniangalia viatu, akasema, “Karibu, Lisansie. Fagio iko kule.” Jina hilo likanishika. Mpaka leo kuna watu Goma wanaodhani wazazi wangu waliniita Lisansie.

Muzee Kambale alitengeneza vitanda, milango na meza kama mafundi wengine. Ila alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine mjini aliyeiweza: vitako vya bunduki za mashindano.

Najua. Mnaposikia neno bunduki mjini Goma hamcheki, na mna haki. Lakini kabla ya wakimbizi na vita palikuwa na klabu ya kulenga shabaha katika uwanja mmoja njia ya Munigi. Bunduki zenyewe zilikuwa za upepo, zinatema kipande cha plomb, risasi laini, kidogo kama punje ya mtama, na hasira yote ya mpigaji iliishia kwenye karatasi yenye miduara. Wanachama walikuwa walimu, wachuuzi wa kahawa, makarani wawili watatu, na mwamuzi wao alikuwa padri mmoja mzee aliyezihesabu pointi kwa kioo cha kukuzia kana kwamba anasoma dhambi za watu.

Kitako ni ule mti wote unaoshika chuma cha bunduki: unaegemea begani, unagusa shavu, unalala juu ya kiganja cha kushoto. Chuma ni kile kile kwa kila mtu, kimetoka kiwandani. Mti ndio unaoamua kama bunduki ni yako au umeazima. Ukiwa mrefu mno, unanyoosha shingo kama kuku anayetazama mvua. Ukiwa mfupi, pua inagonga kidole gumba. Muzee alipima kwa kukunja mkono wa mteja na kuweka mti kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kidole cha kufyatulia. Kisha aliweka bunduki juu ya kidole chake kimoja kutafuta pale inapotulia bila kuinama mbele wala nyuma. Mti aliopenda ni libuyu, mbao ngumu ya msituni inayoteremka kutoka Beni, iliyokaa kivulini misimu miwili ya mvua. Libuyu mbichi, alisema, ni kama bwana harusi: leo imenyooka, ngoja mwezi.

Baada ya hayo yote kulikuwa na mtihani wake mmoja. Funga macho. Inua bunduki begani, laza shavu, tulia, pumua. Sasa fungua macho. Ukikuta alama iko palepale mbele ya jicho, kitako ni chako. Ukilazimika kuitafuta, umevaa shati la jirani.

Uzuri haukumshughulisha. Papa Désiré, mchuuzi wa kahawa na mtu wa kujipenda, aliwahi kudai achongewe chui kwenye sehemu ya shavu. Muzee alimuonya mara moja tu, kisha akamchongea chui mzuri kabisa, mwenye sharubu. Baada ya mashindano ya siku nzima Papa Désiré alirudi mjini na chui huyo amechapwa shavuni, na mke wake, nasikia, aliuliza maswali.

Basi, akaja Mama Kahindo.

Alikuwa muuza maharage, mjane wa mwanachama mmoja aliyekufa kwa malaria. Mume alimwachia watoto watatu, wa mwisho akiwa Neema wa miezi tisa, na bunduki moja ya upepo. Klabu ikamwandikia barua ya pole yenye aya ya pili: kwa mujibu wa kanuni, bunduki ya shabaha haiwezi kukaa kwa mtu asiye mwanachama, tafadhali airudishe. Mama Kahindo akaenda kwa Padri na barua mkononi, akauliza mtu anakuwaje mwanachama. Padri akatafuta kwenye kijitabu cha kanuni neno linalokataza wanawake, akageuza kurasa zote, hakulipata. Kamati ikakubali kwa shingo upande: apige kwenye mashindano ya Pasaka raundi mbili, risasi kumi kila raundi. Akifikisha pointi mia moja na arobaini, bunduki ni yake. Asipofikisha, inarudi stoo.

Alikuwa anapiga vizuri tayari, maana mume wake alikuwa akimfundisha Jumapili nyuma ya nyumba. Shida ilikuwa kitako. Marehemu alikuwa mrefu kama mlingoti, na Mama Kahindo alimfika kwenye kifua. Akaja karakana akatuambia maneno machache: “Chuma yake nitaiacha vile iko. Mbao munitengenezee yangu.”

Muzee akanigeukia. Nilikuwa nimefagia na kupiga msasa miaka miwili. “Lisansie, hii ni yako,” akasema, na moyo wangu ukavimba mpaka karakana ikawa ndogo.

Nilifanya kazi ile kwa elimu yangu yote. Nilinunua daftari jipya. Nilimpima Mama Kahindo vipimo kumi na tisa, kwa kalamu za rangi tatu, hadi milimita. Nilimpima asubuhi akitoka sokoni, nikampima tena jioni, maana nilikuwa nimesoma mahali kwamba mwili hubadilika kati ya asubuhi na jioni. Alipokuja kujaribu alisema bunduki ni nyepesi mbele, inamchezea kama kijiko, basi nikaacha mti mnene upande wa mbele mpaka akaridhika. Alisema bado ni ndefu begani, nikakata unene wa kidole. Siku ya mtihani Muzee mwenyewe alisimama kando. Mama Kahindo akafunga macho, akainua, akalaza shavu, akatulia, akafungua.

“Ni hapo hapo,” akasema.

Alirudia mara tano, na mara tano alama ilikuwa hapo hapo. Muzee akanipiga begani. Kwa Muzee Kambale hiyo ilikuwa hotuba.

Sasa niambieni ninyi, kwa kuwa mmeshaonywa kwenye mstari wa kwanza: Neema alikuwa wapi siku hizo zote?

Alikuwa mgongoni. Amefungwa kitenge, amelala, au ananyonya kidole na kunitazama nikiandika. Alikuwa mgongoni asubuhi na jioni, kwenye vipimo vyote kumi na tisa, na siku ya mtihani. Mama Kahindo hakumtua, kwa sababu angemtua wapi, kwenye maranda ya mbao? Alifundishwa kulenga akiwa naye mgongoni, alifanya mazoezi naye mgongoni, na mimi, mtu wa milimita, sikumwona. Mama mwenye mtoto mgongoni ni kitu tunachokiona kila siku tangu tuzaliwe. Nilimhesabu Neema kama sehemu ya nguo.

Siku ya Pasaka uwanja ulijaa. Mlima wetu wa moto ulikuwa umevaa wingu lake, upepo ulikuwa mdogo. Jina la Mama Kahindo likaitwa, akasogea kwenye mstari, na Padri akamzuia kwa upole. Kanuni ilikuwa wazi hapo: kwenye mstari anasimama mpigaji peke yake. Dada yake akampokea Neema, Neema akaanza kulia kwa sauti ambayo Munigi yote waliisikia, na Mama Kahindo akainua bunduki.

Niliiona risasi ya kwanza kabla haijatoka. Mwili wake uliinama mbele, akajirudisha nyuma, shavu likaacha mti, akalitafuta tena. Kitako kilichokuwa kinamkaa begani kama mkono wa mtoto sasa kilikuwa kifupi, maana kitenge kilichokuwa chini yake hakipo. Risasi zikaanguka chini ya alama, moja baada ya nyingine, kama watu wanaoshuka ngazi. Papa Désiré akasema kwa sauti ya kusikika kwamba maharage nayo ni kazi ya heshima.

Mama Kahindo hakugeuza kichwa. “Papa Désiré,” akamjibu, “chui yako bado iko kwa shavu.”

Watu walicheka, lakini karatasi haikucheka. Pointi hamsini na nane. Alihitaji themanini na mbili kwenye raundi ya pili, na katikati kulikuwa na mapumziko ya chai.

Alitujia nyuma ya banda, bunduki mkononi, macho makavu. Hakutulaumu. Aliuliza tu, “Ni mimi ao ni mbao?”

Nikafungua daftari langu. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya: mwanamke yuko karibu kunyang'anywa kitu cha mwisho cha mume wake, na mimi nafungua daftari kuonyesha kwamba vipimo viko sawa. Muzee Kambale hakuliangalia. Alikuwa anamwangalia dada mtu akimbembeleza Neema.

“Lisansie,” akasema polepole, “ule mutoto ulimuandika wapi?”

Nikageuza kurasa. Nilizigeuza kweli.

“Yuko kilo tisa,” Muzee akaendelea. “Kule nyuma mutoto, huku mbele bunduki. Tulitengeneza mizani ya sahani mbili, sasa Padri ameondoa moja.” Kisha akakaa juu ya jiwe na kuanza kucheka, akajifuta macho. “Na mimi nilikuwa pale. Nilisimama pale pale. Batoto kumi na mumoja nimezaa, na sikuona mutoto.”

Nawaambieni, kicheko kile kilinifundisha zaidi ya matusi ambayo ningestahili. Nusu ya kosa aliichukua yeye bila kuombwa, na mimi nikafunga daftari.

Tulikuwa na bisibisi, keekee na muda wa kikombe kimoja cha chai. Tukafungua kibao cha mwisho cha kitako, kile kinachogusa bega, nikatoboa tundu refu ndani ya mti. Muzee akalijaza plomb, kopo zima, ili uzito urudi nyuma. Tukainua bunduki: ikacheza kama njuga. Mpigaji gani atalenga na kayamba begani? Hapo akina mama waliokuwa wakipika nyuma ya banda wakatuuliza tunatafuta nini, na mmoja akatupatia bonge la bukari, ugali wetu wa muhogo, iliyobaki asubuhi, imepoa, ngumu kama udongo wa mfinyanzi. Tukaishindilia juu ya plomb. Kimya.

Ikabaki ule unene wa kidole nilioukata. Mbao hairefuki. Muzee akatazama huku na huku, akatazama chini, akatazama miguu yangu.

“Vua,” akasema.

Kisigino cha kiatu changu cha kulia, mpira wa Kisangani, kile kilichosimama mbele ya maprofesa, kikang'olewa kwa patasi, kikachongwa na kupigiliwa kati ya mti na kibao. Unene ulikuwa kamili. Ilikuwa mara ya kwanza elimu yangu ya juu kumfaa mtu.

Mama Kahindo akafunga macho, akainua, akafungua. Akatikisa kichwa mara moja kukubali, akaenda kwenye mstari.

Papa Désiré alitaka kukata rufaa. Padri akafungua kijitabu, akasoma kimya, kisha akatangaza kwamba kanuni inataja uzito wa juu kabisa wa bunduki, na haitaji bukari. Mama Kahindo akapiga risasi kumi akisimama wima kama mwenye maji kichwani. Padri akazihesabu kwa kioo mara mbili, maana moja ilikuwa imegusa mstari. Themanini na tatu.

Nilirudi Birere kwa miguu, nikichechemea juu ya mawe ya volkano, upande mmoja mfupi. Sijawahi kutembea vizuri kama siku ile.

Mwaka uliofuata wakimbizi kutoka Rwanda waliingia, na uwanja wa klabu ukawa shitingi mtupu, maturubai ya plastiki, buluu mpaka chini ya mlima. Padri mwenyewe aling'oa lango watu wapite. Hakuna aliyetaka tena kitako. Watu walitaka magongo ya kutembelea. Magongo yaliletwa kwa malori, yote ya kimo kimoja, na watu wakaja kwetu makwapa yamechubuka. Muzee Kambale akayageuza mikononi, akayaweka juu ya kidole chake kutafuta uzito, akasema hii ni kitako tu, ila inaegemea upande wa pili. Akawapima mmoja mmoja. Funga macho, egemea, tulia, fungua: kama uso unatazama mbele, gongo ni lako; kama unatazama vidole vya miguu, lirudishe. Hivyo ndivyo tulivyobadilisha kazi, na ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote yaliyobaki. Wateja hawakutuishia. Ningependa wangetuishia.

Kisha vita vikaja, na amri kwamba kila bunduki mjini ikabidhiwe, hata ya upepo. Mama Kahindo akafungua skrubu. Akapeleka chuma, akaacha mbao. Ofisa, mtu wa mbali, akamuuliza mti uko wapi, akamjibu kwa heshima kwamba umeliwa na mchwa. Goma, juu ya lava, mchwa. Alikificha kitako ndani ya gunia la maharage, na kama wangekipata sijui ningekuwa namsimulia kwa sauti gani leo. Siku mlima ulipofunguka na moto kuteremka mpaka mjini, karakana yetu iliungua na kila kitu, daftari langu likiwemo. Mama Kahindo alikimbia na mtoto mkono mmoja na gunia mkono mwingine.

Muzee Kambale alifariki kitandani, kwa uzee, jambo ambalo miaka ile lilikuwa heshima kubwa. Nilimtengenezea jeneza la libuyu kavu.

Vita vya baadaye viliporudi kwenye njia ya Sake, kipande cha bomu kilimkuta Mama Kahindo karibu na Lac Vert akirudi na mzigo wake. Alipotoka hospitali aliletwa karakana yangu mpya ya mtaa wa Ndosho, na Neema akimshika kiunoni. Neema yule yule, sasa mwanamke mwenye mabega, na mtoto wake mwenyewe mgongoni. Mguu wa kushoto wa Mama Kahindo ulikuwa umeishia juu ya goti. Nilimsalimu, nikamkalisha, nikachukua metre ya kupimia, nikainama kuanza. Kisha nikainuka tena.

“Mama,” nikamuuliza, “ukitembea utabeba nini?”

Akacheka, kicheko kile kile cha Muzee Kambale, cha kukaa na kujifuta macho.

“Hospitali yote hakuna mwenye aliniuliza,” akasema. “Baliniambia tu nisibebe. Neema anaenda Kibumba kununua viazi. Huyu mutoto atabaki na nani?”

Neema akaanza kusema kwamba watatafuta mtu. Mama yake akamkatiza kwa kunyoosha mikono, mtoto ahamishwe.

Nikampima akiwa na mjukuu mgongoni, kisha bila mjukuu. Vimo viwili, kwa hiyo nikatoboa matundu mawili kwenye kila gongo na kuweka skrubu ya kusogeza kishikio kwa vidole tu, bila bisibisi. Kazi ilinichukua siku tatu. Siku ya pili alimtuma Neema aniletee kitu ndani ya gunia. Kilikuwa kitako. Alitaka vishikio vitokane na mti ule, kwa sababu kiganja chake, alisema, kiliuzoea.

Nilikifungua mezani. Bukari ilikuwa imekuwa jiwe, plomb zote zimekaa ndani yake kama mbegu ndani ya papai. Na kisigino changu kilikuwa pale, na misumari ya Muzee Kambale bado imo.

Alipokuja kuchukua magongo nilimwonyesha. Akakigeuza mkononi, akanirudishia. “Chukua lisansi yako.”

Nilikipigilia chini ya gongo la kulia, maana gongo huhitaji mpira. Chini ya la kushoto nikaweka kipande cha tairi. Akamfunga mjukuu kitenge, akafunga macho, akaegemea, akatulia, akafungua. Uso wake ulikuwa unatazama mlangoni, na akaufuata.

Miezi michache baadaye nilikutana naye sokoni, mtoto mgongoni, anabishana na mtu kuhusu maharage. Nikamuuliza magongo yanaendaje kwenye mawe yetu. Akasema yote mawili ni mazuri, na nisikasirike, lakini upande wa tairi ndio unaoshika zaidi.